Dar es Salaam inahitaji treni ya mjini ya aina gani, na ianzie wapi?

Msomaji wetu wa Chanika ameuliza hivi: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Chanika na kazi yangu iko Posta. SGR inafika Dodoma kwa muda usiofika saa nne, lakini mimi kutoka Chanika hadi Posta natumia zaidi ya saa mbili kwenye daladala, na kurudi ni hivyo hivyo. Kwa nini tusijengewe treni ya umeme ya mjini iende Chanika, Bunju, Mbagala na Kibaha? Wenzetu wa Addis Ababa na Lagos wanazo. Na hivi reli ya mjini hupangwaje? Nani anaamua ipite wapi?"

Marahaba dada yangu, na pole na safari za kila siku. Nikujibu kwanza kwa ufupi, kisha nieleze sababu zangu. Dar es Salaam inahitaji treni ya mjini, hilo halina ubishi. Lakini isianzie Chanika wala Bunju. Ianzie pale ambapo tayari kuna reli, yaani Stesheni hadi Pugu, na iboreshwe mpaka treni ipite kila baada ya dakika 10 tangu alfajiri hadi usiku. Huko kwenu Chanika, pamoja na Bunju, Mkuranga na Kibaha, kazi ya haraka kwa sasa ni kutenga njia ya reli ardhini kabla nyumba hazijamaliza nafasi. Kazi hii ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Reli ikichelewa inaweza kujengwa baadaye, ila njia ikishajaa nyumba haipatikani tena bila bomoabomoa.

Tuanze na SGR, reli yetu mpya ya umeme ya kwenda mikoani, kwa kuwa wengi wanaipimia treni ya mjini kwa kipimo chake. Ukiondoka Stesheni kwa SGR, kituo kinachofuata ni Pugu, halafu Soga, Ruvu, Ngerengere, kisha Morogoro. Vituo viko mbalimbali, kwa hiyo treni inapata nafasi ya kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Treni ya mjini husimama kila baada ya kilomita moja au mbili. Kasi ya namna ile haiipati kamwe, na wala haiihitaji. Inachohitaji ni kung'oka haraka kituoni, kusimama haraka, milango mingi na mipana ili watu washuke na kupanda kwa nusu dakika, na zaidi ya yote, kufuatana. Abiria wa Dodoma anakata tiketi mapema na kwenda kuisubiri treni yake. Wewe unayewahi kazini unataka ufike kituoni wakati wowote, na ukiikosa moja ujue nyingine iko nyuma yake. Ndiyo maana mpangaji mzuri wa usafiri huanza kwa kuuliza treni itapita kila baada ya dakika ngapi. Rangi yake, kampuni iliyoitengeneza na kama itapita juu au chini ya ardhi ni mambo ya baadaye.

Nikuoneshe kwa hesabu. Chukua treni ya mabehewa 10, kila behewa watu 120, waliokaa na waliosimama. Jumla ni watu 1,200. Treni hiyo ikipita mara moja kwa saa, njia nzima inabeba watu 1,200 kwa saa kwa upande mmoja. Ikipita kila nusu saa, 2,400. Kila dakika 10, 7,200. Kila dakika 5, 14,400. Sasa chukua basi refu la mwendokasi, lile lenye mpira katikati, watu 140. Likipita moja kila dakika, njia hiyo inabeba watu 8,400 kwa saa. Kwa hiyo treni ya kila nusu saa, pamoja na ukubwa wake wote, haifikishi hata theluthi ya kile ambacho mwendokasi ungeweza kubeba ukiendeshwa inavyotakiwa. Kule Bogotá, Colombia, mabasi ya TransMilenio yamewahi kubeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, kwa sababu vituo vyao vina nafasi ya basi moja kulipita jingine. Reli inashinda basi pale tu treni zinapofuatana. Bila hivyo tunatumia fedha nyingi kununua chombo kikubwa kinachopita mara chache.

Tumeshauona ukomo huu hapa kwetu. Oktoba 2012, Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, treni za abiria wa mjini zilianza katika njia mbili: ya Reli ya Kati kutoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa, na ya TAZARA, reli ya kwenda Zambia, hadi Mwakanga. Wananchi wakaipa jina lake, Treni ya Mwakyembe. Mwaka 2016 ikaongezwa safari ya Pugu. Naiheshimu sana kazi ile, kwa sababu ilifanyika kwa reli, vichwa na mabehewa yaliyokuwepo, bila kusubiri mradi wa mabilioni, na abiria walionesha kwamba wako tayari kupanda. Lakini ilikuwa huduma ya asubuhi na jioni, na haikuweza kukua zaidi ya hapo kwa sababu za kiufundi ambazo ni vizuri mwananchi azielewe. Ndizo zitakazoamua kama treni yetu ijayo itafaulu.

Sababu ya kwanza ni kwamba reli ni moja. Treni ya kwenda na ya kurudi zinatumia njia ile ile, na zinapishana tu kwenye stesheni zenye njia ya pembeni. Tuseme sehemu za kupishana ziko kilomita 5 kutoka moja hadi nyingine, na treni inatumia dakika 10 kati yake. Ikishaingia, inayokuja lazima isubiri. Utaona kwamba hata kila kitu kikienda sawa, huwezi kutoa treni upande mmoja chini ya kila dakika 20 na ushee. Ikichelewa moja, zote zinachelewa. Huwezi kufika kwenye dakika 10 za uhakika bila kuweka reli ya pili. Hakuna ratiba wala usimamizi mkali utakaoondoa hilo.

Sababu ya pili iko mwisho wa safari. Simama Pugu treni ya kuvutwa na kichwa cha dizeli inapofika. Abiria wanashuka, halafu mfanyakazi anaingia kati ya kichwa na behewa la kwanza, anafungua muunganiko na mipira ya breki. Kichwa kinasogea mbele, kinaingia njia ya pembeni, kinapita ubavuni mwa mabehewa yote hadi upande wa pili, kinarudi kinyumenyume na kufungwa tena. Breki zinajazwa upepo na kupimwa, ndipo treni iwe tayari kurudi mjini. Dakika 12 au 15 zimekwisha. Treni yenye chumba cha dereva pande zote mbili, kama zile za umeme ambazo watu wameziita mchongoko, haifanyi lolote kati ya hayo. Dereva anatembea tu kutoka kichwa kimoja hadi kingine na kuondoka.

Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini liweke kwenye hesabu. Stesheni hadi Pugu ni kilomita 20 hivi. Treni ya kuvutwa inayokwenda wastani wa kilomita 25 kwa saa itatumia dakika 48, weka 12 za kugeuza, inakuwa saa nzima kwa upande mmoja na saa mbili kwa mzunguko. Ukitaka treni kila dakika 10 unahitaji treni 12. Treni ya umeme yenye vichwa viwili, ikienda wastani wa kilomita 40 kwa saa, itatumia dakika 30, weka 5 za kugeuza. Mzunguko mzima dakika 70. Unahitaji treni 7. Treni tano zimeokolewa bila kumpunguzia abiria kitu, na yeye mwenyewe anafika dakika 18 mapema zaidi. Kwa hiyo mtu akisema treni nzuri ni ghali, muulize ghali kwa bei ya treni moja au kwa bei ya huduma nzima.

Sababu ya tatu ni makutano ya reli na barabara. Treni ikipita kila dakika 10 kila upande, hizo ni treni 12 kwa saa. Kama kizuizi kinafungwa dakika mbili kwa kila treni, pale Buguruni au Gongo la Mboto magari yatasimama dakika 24 katika kila saa. Mji hautavumilia, na mwisho wake wataagiza treni zipunguzwe. SGR ilikwepa jambo hili kwa kujengewa daraja refu katikati ya jiji na uzio pembeni. Reli ya mjini nayo lazima itenganishwe na barabara, kwa daraja la magari au kwa kuinua reli, na hapo ndipo sehemu kubwa ya fedha itakapokwenda. Madaraja ya watembea kwa miguu yasisahauliwe. Addis Ababa walijenga reli yao ya mjini sehemu nyingi katikati ya barabara na kuizungushia uzio, na kwa miaka yote watu wamelalamika kuzunguka mbali ili tu wavuke mtaa wao wenyewe.

Sasa utaona kwa nini nasema Pugu kwanza. Njia ipo, hifadhi ya reli ipo, watu wamejaa pande zote mbili kuanzia Vingunguti, Kipawa, Gongo la Mboto hadi Pugu, na mwisho wake upande wa mjini ni Stesheni, jirani na Kariakoo na Posta, ambako ndiko wengi wanakokwenda. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Dakar. Senegal walichukua njia ya reli yao ya kale ya kwenda Bamako, wakajenga humo reli mpya mbili za kipimo cha kimataifa (kipimo ni upana kati ya chuma na chuma), wakaondoa makutano na barabara, na Desemba 2021 treni ya mjini ikaanza kati ya Dakar na Diamniadio, kilomita 36, ikipita kila dakika 10 hivi saa za msongamano. Lagos nao njia yao nyekundu, iliyoanza kubeba abiria Oktoba 2024, wameipitisha kwenye ukanda wa reli ya Lagos kwenda Ibadan, na serikali ya jimbo ikajenga madaraja ya magari juu ya reli kwanza. Njia yao ya buluu, ambayo ilihitaji ukanda mpya na daraja la kuvuka maji, ilianza kujengwa 2010 na ikabeba abiria wa kwanza Septemba 2023. Miaka 13 kwa kilomita 13 za awamu ya kwanza. Tofauti ya kutumia njia iliyopo na kutafuta njia mpya ndani ya mji uliojaa ndiyo hiyo.

Dar tuna tatizo letu wenyewe ambalo miji mingi haina. Ndani ya jiji moja tuna reli za vipimo vitatu: Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, na SGR ni 1,435. Treni ya moja haiwezi kuingia kwenye nyingine. Karakana tatu, vipuri vya aina tatu, na mafundi ambao hawawezi kuhamishwa kirahisi. Msimamo wangu ni kwamba treni ya mjini ijengwe kwa kipimo cha SGR, kwa umeme wa aina ile ile, ili karakana, mafundi na mifumo ya ishara iwe ya familia moja. Lakini isitumie reli ile ile ya treni za Dodoma. Njia kuu ya SGR nayo ni moja yenye sehemu za kupishana, na treni ya mjini inayosimama kila baada ya dakika mbili ikiwekwa mbele ya treni ya kilomita 160 kwa saa, zote mbili zitaharibika ratiba. Watakuja watu wa kusema "tumieni tu SGR iliyopo mpaka Pugu". Kwa safari chache za asubuhi na jioni, sawa, na ningefurahi kuziona. Kwa treni ya kila dakika 10, hapana.

Swali gumu zaidi kwenye njia ya Pugu ni mwendokasi. Awamu ya 3 ya mradi wa DART inapita Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, karibu sambamba na reli. Wapo wanaoona hapo ni kupoteza fedha mara mbili. Mimi naona vyombo hivi viwili vinaweza kugawana kazi, kwa sharti moja, kwamba vipangwe pamoja. Basi libebe safari za ndani ya barabara, kama mtu wa Ukonga anayekwenda eneo la Tazara. Treni ibebe watokao mbali, Pugu na kwingineko, wafike mjini bila kusimama kila mtaa. Mabasi ya kulisha, yaani ya kuwaleta abiria kwenye treni, kutoka Chanika, Majohe na Kisarawe yaishie mlangoni mwa stesheni ya Pugu. Tiketi iwe moja na nauli iwe moja hata kama umebadilisha chombo. Kinyume chake ni kama ilivyokuwa Ubungo, ambako stesheni ya Maziwa na kituo cha mwendokasi havikuunganishwa, na mtu anashuka hapa aanze kutembea na mzigo kwenda kule na kulipa upya. Umbali huo mdogo unatosha kumrudisha abiria kwenye daladala.

Umeitaja Addis Ababa, na ni vizuri tuitazame sawasawa. Reli yao ilifunguliwa Septemba 2015, njia mbili zenye jumla ya kilomita 34 hivi, kwa gharama ya dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Ilijengwa haraka na kwa bei ambayo wengi waliisifu. Walinunua treni 41. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya treni hizo zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri, kwa sababu vipuri vinataka fedha za kigeni na nauli ilikuwa ndogo mno isiyoweza hata kugharimia uendeshaji. Abiria wakazidi kubanana kwenye chache zilizobaki. Wahandisi wa Ethiopia hawakuwa na upungufu wa akili wala bidii. Fedha za matengenezo hazikutengwa za kutosha tangu mwanzo, basi. Sisi tumeyaona yale yale kwa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani: barabara nzuri ilikuwepo, vituo vilikuwepo, watu walijaa vituoni, mabasi hayakutosha. Mradi wowote wa reli ukiletwa, ukurasa wa kwanza ningeufungua ule wa vipuri na karakana.

Sasa nije kwenye Chanika, na hapa niruhusu niseme kwa kirefu.

Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36. Ya 2022 ikaikuta na milioni 5.38. Ongezeko la milioni moja ndani ya miaka kumi. Lakini tazama Mkoa wa Pwani: kutoka takriban milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2 katika kipindi hicho hicho. Karibu mara mbili. Wengi wa hao wamehamia Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, na riziki yao bado iko Dar. Jiji limekwisha vuka mpaka wa mkoa, na ramani za usafiri zinatakiwa zivuke pia.

Mwaka 1947 mji wa Copenhagen, Denmark, ulichorewa mpango unaojulikana kwa umbo la vidole vitano. Kila kidole ni reli ya mjini, nyumba zinajengwa kandokando ya reli hiyo, na kati ya kidole na kidole panabaki mashamba na misitu. Dar bila kupangiwa na mtu imeota vidole vyake vinne: Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa. Umbo zuri kabisa kwa reli. Tofauti ni kwamba vidole vyetu vimefuata lami, na sasa katikati panajazwa na viwanja vinavyouzwa kimoja kimoja, mwenye shamba anapima kwa hatua za miguu na mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri. Kila kiwanja kinachouzwa hivyo ni halali ya mtu, jasho lake. Lakini vikishaungana elfu kumi bila njia katikati, reli haipiti tena.

Reli mbili zilizo sambamba na uzio wake zinahitaji ukanda wa mita 20 hadi 30, zaidi kidogo kwenye vituo. Mita 20 kwa 30 ndicho kiwanja ambacho kila mtu wa Dar anakifahamu. Kwa maneno mengine, upana wa kiwanja kimoja tu, kutoka Pugu hadi Chanika na kuendelea. Leo ukanda huo bado unaweza kupatikana huko kwenu kwa sehemu kubwa kwenye mashamba na viwanja visivyojengwa, na fidia yake inalipika. Ukisubiri miaka 15, utalipia nyumba, visima, makaburi na misikiti, na utaweka alama ya X kwenye ukuta wa mtu ambaye ametumia maisha yake yote kuujenga. Bomoabomoa ya Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 bado iko moyoni mwa watu. Hifadhi ya barabara ilikuwepo kwenye sheria, lakini ardhini hapakuwa na kitu kilichomzuia mtu kununua na kujenga. Kutenga njia ni kuweka mawe ya mpaka, kuandika kwenye hati, kuwalipa waliomo mapema, na kuutumia ukanda huo kwa jambo linaloonekana wakati reli inasubiriwa: barabara ya basi, njia ya baiskeli, miti. Ardhi ya wazi isiyo na matumizi mjini kwetu haikai mwaka.

Wajapani walikutana na swali hili hili nje ya Tokyo. Kampuni ya reli ya Tokyu ilitaka kupeleka njia kwenye vilima vya kusini magharibi ambako palikuwa na mashamba tu. Badala ya kununua ardhi yote, ilikubaliana na wenye mashamba: kila mmoja atoe sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya barabara, bustani na reli, na abaki na kipande kidogo kilichopimwa, chenye barabara na karibu na kituo, ambacho thamani yake inazidi shamba zima la awali. Sehemu ya kwanza ya njia hiyo, inayoitwa Den-en-toshi, ilifunguliwa Aprili 1966, na leo ni miongoni mwa njia zenye abiria wengi kuliko zote Tokyo. Sisi tayari tuna mbegu ya jambo hilo kwenye urasimishaji wa makazi, ambapo wakazi wanakaa kikao, wanakubaliana kila mmoja ameguke mita chache ili barabara ya mtaa ipite. Watu wanafanya hivyo kwa hiari wakiona faida. Kinachokosekana ni mchoro wa reli mezani wakati wa kikao. Hapo hapo ndipo fedha zinapopatikana pia. Duniani ni reli chache za mjini zinazoishi kwa nauli peke yake, na Hong Kong, inayotajwa sana kwa faida, inaingiza kiasi kikubwa kutokana na majengo ya juu na kandokando ya stesheni zake. Serikali ikijenga stesheni na kuacha ongezeko lote la thamani kwa madalali walionunua mapema, itakosa fedha za kununulia vipuri.

Umeuliza nani anaamua. Kwa sasa, wengi mno. Reli iko TRC na TAZARA, mabasi ya haraka yako DART, nauli na leseni ziko LATRA, barabara kuu TANROADS, za mitaa TARURA, ardhi iko wizara na halmashauri tano za Dar, na ukivuka Kongowe au Kiluvya unaingia mkoa mwingine wenye halmashauri zake. Kila chombo kinafanya kazi yake, lakini hakuna mwenye mamlaka ya kusema stesheni na kituo cha basi viwe sehemu moja. Lagos waliunda LAMATA mwaka 2002, na ni chombo hicho kimoja kilichoanza na mabasi kisha kikasimamia reli. Nairobi wameunda NaMATA kwa kaunti tano za eneo lao. Mimi ningependa kuona chombo cha namna hiyo kwa Dar na Pwani kwa pamoja, chenye sheria yake na bajeti yake, kabla ya kuona tenda yoyote ya treni.

Kuhusu njia nyingine ulizozitaja, nitapita haraka. Mbagala na Barabara ya Bagamoyo ziachiwe mwendokasi kwa sasa, na ukanda wa reli utengwe kuanzia Kongowe kwenda Mkuranga na kuanzia Tegeta kwenda Bunju. Kibaha ina wateja wengi, ila reli zilizopo zinapita kusini ya Barabara ya Morogoro, mbali na makazi ya Mbezi na Kimara, kwa hiyo itahitaji njia mpya kabisa. TAZARA hadi Mwakanga ni njia ninayoitamani, kwa kuwa Yombo na Kiwalani wamejaa, na ningeiweka ya pili baada ya Pugu.

Kwako wewe, basi, matumaini ya karibu ni basi la kulisha kutoka Chanika linaloingia stesheni ya Pugu na treni inayopita mara kwa mara hadi Stesheni. Usisubiri reli ya Chanika kwenyewe kabla ya hapo. Lakini urasimishaji ukifika mtaani kwenu, nenda kwenye kikao, na mbele ya mpima na mwenyekiti uliza mambo haya: ukanda wa usafiri wa umma umechorwa wapi kwenye ramani hii? Una upana wa mita ngapi? Nani atalipa fidia, na lini? Na mawe ya mpaka wake yatawekwa kabla au baada ya hati kutolewa? Wakikujibu kwamba hakuna ukanda kwenye mchoro, omba swali lako liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na nakala ipelekwe kwa ofisa mipango miji wa halmashauri.